Puli ya koneksheni za databesi: ndani ya app, nje ya app, au uache kabisa?

Puli ni akiba ya koneksheni zilizofunguliwa tayari ambazo app inaziazima na kuzirudisha. Swali ambalo watu wanaliuliza sana ni "nitumie laibrari gani ya puli", na kiukweli hilo ndo la kujibu mwisho kabisa. La kwanza ni puli ikae wapi. Ukishajua inakaa wapi, ukubwa wake unapatikana kwa hesabu ndogo tu, na jina la laibrari linabaki kuwa suala la lugha unayoandikia. Ila wengi tunaona wanaanza kinyume, mtu anakopi konfigi ya mwenzake, anaweka 100 kwenye maximumPoolSize kwa sababu 100 ni namba inayoonekana ya maana, afu siku trafiki ikipanda Postgres inamjibu "sorry, too many clients already" na hapo lawama zote zinaenda kwa databesi.

Basi nalinganisha njia tatu: kutokuwa na puli, puli ndani ya app yenyewe, na puli ya nje inayosimama katikati ya app na databesi. Mifano mingi itakuwa ya Postgres kwa sababu ndo inayoumia zaidi na koneksheni nyingi, MySQL nitaigusa inapotofautiana.

Bila puli kabisa

Kufungua koneksheni moja ya Postgres sio kitu cha bure. Kuna TCP, kuna TLS (usimbaji wa mawasiliano) kama umeiwasha (na uiwashe), kuna kuhakiki nywila ambako SCRAM-SHA-256 inafanya hesabu iliyotengenezwa makusudi iwe nzito ili mtu asiweze kubahatisha nywila kirahisi, afu baada ya hapo Postgres inazalisha prosesi mpya nzima kwa ajili ya koneksheni hiyo moja. Prosesi, yaani programu inayojitegemea na memori yake, sio thredi, ambayo ni njia ya kazi ndani ya prosesi moja. MySQL inatumia thredi kwa kila koneksheni kwa hiyo kwake ni nafuu zaidi, lakini safari ya mtandao na kuhakiki nywila bado vipo palepale.

Sasa kama kwiri yako (ombi unaloipa databesi) inachukua milisekunde 2 na kufungua koneksheni kunachukua mara kadhaa ya hapo, muda mwingi unautumia kubisha hodi kuliko kufanya kazi. Ndo maana puli ipo: koneksheni chache zinafunguliwa mapema, zinaazimwa, zinarudishwa, hazifungwi.

Lakini kuna sehemu ambapo bila puli ni sawa kabisa, na usikubali mtu akuongezee mzigo. Skripti inayoamka usiku, inafanya kazi yake dakika tano, inalala. Kitufe cha admin kinachobonyezwa mara mbili kwa wiki. Hata Django, fremuweki ya wavuti ya Python, kwa miaka mingi difolti yake ilikuwa hivyo na bado ndivyo ilivyo, CONN_MAX_AGE ni 0, yaani kila rikwesti inafungua yake na kuifunga ikimaliza, na saiti nyingi zimeishi hivyo bila shida. Ukitaka nafuu ya haraka unaipa sekunde 60 hapo, koneksheni inabaki hai kati ya rikwesti, ila hiyo sio puli maana kila thredi inakuwa na yake na haiazimishi wenzake. Puli ya kweli ndani ya Django imekuja toleo la 5.1 mwaka 2024, tena kwa Postgres tu na ukiwa na draiva ya psycopg 3.

Ndani ya app

Hii ndo wengi wanaijua. Laibrari inakaa ndani ya prosesi ya app, inashika koneksheni kadhaa, thredi ikitaka inaomba, ikimaliza inarudisha. Hamna kifaa kingine cha kuendesha, hamna poti nyingine, hamna kitu kingine cha kufa usiku wa manane. Na kuazima ni haraka sana kwa sababu kila kitu kipo kwenye memori ileile. Kila sesheni ya databesi inabaki ya kawaida pia: unaweza kutumia SET (kubadilisha mpangilio wa sesheni), jedwali za muda, LISTEN (kusubiri taarifa), loki za ushauri (advisory locks, app yenyewe inazipa maana), kwiri zilizoandaliwa (prepared statements), chochote (ila kumbuka kusafisha kabla ya kurudisha, SET uliyoiacha itamkuta anayeazima baada yako). Kumbuka hii orodha, nitairudia kwenye puli ya nje.

Tatizo lake ni moja ila ni kubwa: puli haijui kuna puli nyingine. Kila prosesi ina yake. Ukisema pool size ni 10 unadhani umesema 10, kumbe una kontena 8 na kila kontena ina wakazi 4 wa kazi (workers, kila mmoja ni prosesi yake), hiyo ni 8 mara 4 mara 10, koneksheni 320. Postgres difolti yake inakubali 100, na katika hizo 3 zimewekewa akiba msimamizi mkuu, kwa hiyo za kwako ni 97. MySQL difolti ni 151. Na hiyo 320 ni siku ya kawaida, siku ya kudeploi kontena mpya zinaamka kabla za zamani hazijafa, kwa muda fulani namba inaweza kukaribia mara mbili. Watu wengi wanaona hitilafu wakati wa deploi tu na wanaanza kutafuta bagi kwenye toleo jipya, kumbe kodi haina kosa lolote, ni koneksheni za zamani na mpya zimegongana mlangoni.

Jibu la haraka ambalo kila mtu analitoa ni "pandisha max_connections". Unaweza, sikatai, lakini kila koneksheni ni prosesi yenye memori yake, na work_mem inahesabiwa kwa kila hatua ya kupanga au kuhashi ndani ya kwiri, sio kwa seva nzima, kwa hiyo koneksheni 500 zikiamka pamoja na kwiri nzito memori inaisha na mfumo wa uendeshaji unaanza kuua prosesi. Na kupandisha max_connections kunahitaji kuristati Postgres, sio kitu cha kufanya saa sita mchana watu wakilia. Tangu Postgres 14 ya mwaka 2021 koneksheni zilizokaa bure zinasumbua kidogo kuliko zamani, hilo ni kweli, ila zile zinazofanya kazi bado zinagombania kori zilezile za CPU.

Kwa hiyo ndani ya app inafaa pale ambapo unaweza kuzidisha idadi ya prosesi kwa ukubwa wa puli, ukaongeza nafasi ya deploi, na jibu likabaki chini ya kikomo cha databesi bila kujikaza. App moja ya Java yenye nakala mbili tatu, prosesi moja yenye thredi nyingi ndani, hapo usiangaike na kitu kingine chochote. Java na Go zinafaidi sana hapa kwa sababu prosesi moja inahudumia watu wengi. Python na Ruby zenye wakazi wengi kwa kila mashine zinaanza kuumia mapema, na PHP-FPM, inayoendesha PHP kwa prosesi nyingi, ndo kabisa, kila mkazi anaishi kivyake na hakuna memori ya pamoja ya kuwekea puli, koneksheni za kudumu za PHP ni koneksheni moja kwa mkazi tu.

Nje ya app

Hapa kuna programu nyingine katikati. Kwa Postgres inayojulikana zaidi ni PgBouncer, difolti inasikiliza poti 6432, app inaunganisha huko ikidhani ni Postgres na PgBouncer inashika koneksheni chache za kweli kwenda 5432. Kwa MySQL kuna ProxySQL inayosikiliza wateja kwenye 6033. Ukiwa kwenye wingu la Amazon kuna RDS Proxy ambayo unaikodi badala ya kuiendesha mwenyewe.

Faida yake ndo ile hasa puli ya ndani inakosa, hii inaona prosesi zote. Koneksheni elfu moja za wateja kwake ni nyepesi sana maana sio prosesi, ni soketi tu na kumbukumbu ndogo, afu nyuma yake Postgres inaona 20 au 40 tu.

Ila sasa sikiliza, kuna mtego ambao naona unakamata karibu kila mtu anayeiweka mara ya kwanza. PgBouncer ina hali tatu (pool_mode): sesheni (session), muamala (transaction, kundi la kwiri linalokamilika lote au lisikamilike kabisa), na kwiri (statement). Difolti ni sesheni. Kwenye hali ya sesheni mteja akishapewa koneksheni ya kweli anakaa nayo mpaka aondoke, na kama app yako ina puli ndani inayoshikilia koneksheni kwa nusu saa basi mteja haondoki kamwe, PgBouncer inageuka kuwa bomba tu, haikupunguzii kitu. Mtu anaiweka, anaona namba hazijabadilika, anaandika kwamba haifanyi kazi. Inafanya kazi, hujabadilisha pool_mode. Na mtego wa pili upo jirani yake, max_client_conn difolti ni 100, kwa hiyo umeleta kitu cha kukuwezesha kupokea wateja elfu halafu kinafunga mlango kwenye 100.

Hali ya muamala ndo inayoleta faida halisi. Koneksheni ya kweli inatolewa muamala ukianza na inarudi muamala ukiisha, hata kama mteja bado kaunganishwa. Hapo ndo watu mia tano wanaweza kutumia koneksheni 20, kwa sababu kwa wakati wowote ule wengi wao hawafanyi chochote kwenye databesi.

Na bei yake? Kila kitu kinachokaa kwenye sesheni kinavunjika au kinakuwa hatari. SET uliyoiweka inabaki kwenye koneksheni atakayopewa mtu mwingine, wewe rikwesti ijayo unapewa nyingine isiyo nayo. Tumia SET LOCAL ndani ya muamala, hiyo ni salama. LISTEN haifai, NOTIFY (kutuma taarifa) inafaa. Loki za ushauri za sesheni ni balaa maana unaweza kufunga kwenye koneksheni moja na kujaribu kufungua kwenye nyingine, tumia zile za muamala. Jedwali za muda zinazovuka muamala nazo sahau. Kama mfumo wako unatenganisha data za wateja kwa kubadilisha search_path (orodha ya skima ambamo jedwali zinatafutwa) kwa SET ya kawaida mwanzo wa kila rikwesti, simama hapohapo kabla hujawasha hali ya muamala, kwa sababu hapo haitatokea erori, itatokea mteja A kuona data za mteja B, na hakuna logi itakayokupigia kelele.

Kwiri zilizoandaliwa zilikuwa kilio kikubwa miaka yote. Draiva ya Java ya Postgres inaanza kuandaa kwiri upande wa seva ikishaitumia mara 5, afu inapewa koneksheni nyingine isiyoijua kwiri hiyo, hitilafu. Watu walikuwa wanaweka prepareThreshold=0 kuizima, na kwa asyncpg ya Python wanaweka statement_cache_size=0. Tangu PgBouncer 1.21 ya mwaka 2023 inaweza kuzifuatilia zenyewe kwa kiwango cha itifaki kupitia max_prepared_statements, kwa hiyo ukisoma ushauri wa zamani unaosema "PgBouncer na kwiri zilizoandaliwa haviendi pamoja" angalia kwanza toleo lako. Ile PREPARE unayoiandika mwenyewe kwa SQL bado haishughulikiwi.

Hali ya kwiri sitaisemea sana, haikubali muamala wenye kwiri zaidi ya moja, app ya kawaida haiwezi kuishi humo.

Halafu kuna gharama za kawaida za kuwa na kitu cha ziada: safari moja zaidi ya mtandao (ndogo, hasa ukiiweka karibu na app), sehemu moja zaidi ya kufa kwa hiyo unahitaji nakala mbili, nywila za kusimamia sehemu mbili. PgBouncer pia inatumia thredi moja, kori moja ikijaa imejaa, dawa yake ni kuendesha kadhaa kwenye poti moja kwa so_reuseport. Kwa RDS Proxy kuna kitu kinachoitwa kubanwa (pinning), ikiona mteja kagusa hali ya sesheni inamfunga kwenye koneksheni moja mpaka aondoke, ni salama zaidi kuliko kuvuja kimyakimya ila ukibanwa sana unalipia kitu kisichokusaidia.

Kwa hiyo ipi?

Mi naamua hivi. Zidisha prosesi kwa puli, ongeza deploi. Ikiwa chini ya kama nusu ya max_connections, ndani inatosha, acha mengine. Ikiwa inazidi, kwanza punguza puli ya kila prosesi kabla hujaleta kifaa kipya, kwa sababu mara nyingi 10 kwa kila mkazi wa Python anayefanya rikwesti moja kwa wakati haina maana yoyote, mkazi huyo anahitaji 1, labda 2. Ikiwa bado inazidi, au idadi ya prosesi inapanda na kushuka yenyewe kutokana na trafiki, weka ya nje kwenye hali ya muamala.

Na zile huduma za kazi fupi zinazoamka na kulala zenyewe kama AWS Lambda, hapo sio mjadala. Kila nakala inahudumia rikwesti moja kwa wakati, kwa hiyo puli ya ndani iwe 1 na ya nje iwepo. Ukiweka puli ya 10 ndani ya kila nakala umejiandalia mafuriko.

Je unaweza kuwa na zote mbili? Ndio, na wengi wanafanya hivyo. Ya ndani ndogo ili kukwepa kufungua soketi na TLS kila mara, ya nje kwa ajili ya kulinda databesi. Ila uamue ni ipi inayoshika kikomo cha kweli, mimi nasema ya nje, na taimauti ya ndani isiwe ndefu kuliko mtumiaji anavyoweza kuvumilia.

Ukubwa: ndogo au kubwa

Hapa ndo penye ubishi na hapa ndo ningependa ukae zaidi. Hisia inasema watumiaji wengi, koneksheni nyingi. Databesi inasema kori zangu ni 8. Koneksheni 200 zikifanya kazi pamoja kwenye kori 8, haziendi pamoja, zinapokezana, na kupokezana kwenyewe kunakula muda, kashe zinachafuka, loki zinasubiriana. Ukiwa na foleni lazima isimame mahali fulani, na ni bora isimame kwenye app ambako kusubiri ni rahisi kuliko isimame ndani ya databesi ambako kila anayesubiri kashika memori na loki.

Fomula inayozunguka sana, iliyotoka kwa watu wa Postgres na HikariCP, laibrari ya puli ya Java, wakaitangaza, ni kori mara mbili jumlisha idadi ya diski zinazozunguka. Seva ya kori 8 yenye SSD inakupa kama 16 au 17. Kwa databesi NZIMA, sio kwa kila prosesi, hiyo ndo sehemu inayosahaulika. Na uichukue kama pa kuanzia, kama data yako haiingii kwenye memori na kwiri zinasubiri diski sana utahitaji zaidi kidogo, kama yote ipo kwenye memori utahitaji pungufu.

Upande wa mahitaji kuna hesabu nyingine, sheria ya Little: idadi inayotumika kwa wastani ni rikwesti kwa sekunde mara muda ambao kila moja inashikilia koneksheni. Rikwesti 300 kwa sekunde, kila moja inashika milisekunde 20, hiyo ni 300 mara 0.02, koneksheni 6. Sita! Na mtu kaweka 100. Ongeza nafasi ya kupumua kwa sababu trafiki haiji sawasawa, weka 12 au 15, umemaliza. Sasa chukua rikwesti zilezile 300 lakini kila moja inashika milisekunde 200, unahitaji 60, na hapo puli sio ugonjwa, ugonjwa ni kwiri iliyokosa indeksi au kodi inayoshikilia koneksheni bila kuitumia.

Hilo la pili linastahili maneno. Angalia kodi inayofungua muamala, inasoma oda, inaita API ya malipo ya nje inayojibu baada ya sekunde 2, ndo inahifadhi na kufunga muamala. Rikwesti 10 tu kwa sekunde za aina hiyo zinashikilia koneksheni 20, na databesi iko imekaa tu haina kazi, ukiangalia pg_stat_activity (orodha ya Postgres ya koneksheni za sasa) unaona safu nzima ya "idle in transaction". Hapo hata uongeze puli mara tano unaahirisha tu. Toa hiyo simu ya API nje ya muamala. Kwa Spring Boot, fremuweki ya Java, kuna jingine, open-in-view difolti imewashwa, na matokeo yake koneksheni inaweza kushikiliwa mpaka jibu la HTTP liishe kutengenezwa, izime kama app yako ni API tu. Postgres yenyewe ina idle_in_transaction_session_timeout ambayo difolti ni 0, yaani imezimwa, ipe hata dakika moja.

Kuwa ndogo sana nako kuna balaa lake. Kama thredi moja inahitaji koneksheni mbili kwa pamoja, mfano muamala wa nje umefungua na ndani yake umeita kitu chenye REQUIRES_NEW (agizo la Spring la kufungua muamala mwingine mpya), basi puli ya 10 na thredi 10 zikiingia pamoja kila moja imeshika moja na inasubiri ya pili ambayo haitakuja. App imekufa, CPU ni asilimia sifuri, databesi haina kazi. Kiwango cha chini cha kuepuka hilo ni thredi mara (koneksheni kwa thredi toa moja) jumlisha moja, kwa mfano huo ni 10 mara 1 jumlisha 1, 11. Ila bora zaidi uondoe huo muundo wenyewe. Na kwa walioanza kutumia thredi pepe (virtual threads) za Java 21, kumbukeni zamani puli ya thredi ilikuwa inakulindeni bila nyinyi kujua, sasa thredi ni elfu kumi na foleni yote inahamia kwenye puli ya koneksheni.

Idadi ya kudumu au inayopanda na kushuka

HikariCP inapendekeza usiguse minimumIdle (idadi ya chini ya koneksheni zinazokaa bure) kabisa, iwe sawa na kiwango cha juu, puli ya kudumu. Nakubaliana kwa app kubwa inayomiliki databesi yake: trafiki ikipanda ghafla muda mbaya kuliko wote wa kuzalisha koneksheni mpya ni huohuo databesi ikiwa inahema. Kwa huduma ndogo ndogo ishirini zinazogawana databesi moja na nyingi zimelala, inayoshuka ni ya busara zaidi, la sivyo kila moja inashikilia 10 zake bure na wewe uko 200.

Laibrari na difolti zake

Kwa Java, HikariCP ndo difolti ya Spring Boot tangu 2.0, kikomo chake cha juu ni 10, inasubiri sekunde 30 kabla ya kutupa erori, koneksheni inaishi dakika 30. Sioni sababu ya kuchagua nyingine kwenye mradi mpya. DBCP2 kikomo chake ni 8 na difolti inasubiri milele, c3p0 ina 15 na nayo inasubiri milele. Kusubiri milele ni difolti mbaya kuliko zote, app inaganda bila erori hata moja kwenye logi. Puli ya Tomcat kikomo chake ni 100, kubwa mno kwa nakala zaidi ya moja.

SQLAlchemy ya Python inasema 5 lakini ina ziada ya 10 kwa hiyo hesabia 15 kwa kila prosesi, na pool_pre_ping (kupima koneksheni kama iko hai kabla ya kuitoa) imezimwa, iwashe. Node kwa laibrari ya pg ni 10, na connectionTimeoutMillis ni 0, maana yake ni hilohilo la milele, iwekee namba.

Go ndo inayoshangaza. database/sql haina kikomo cha juu, afu zinazobaki hai zikikaa bure ni 2 tu. Kwa hiyo trafiki ikija inafungua 80, ikitulia sekunde moja inafunga 78, ikija tena inafungua tena. Mtu anaamini ana puli kumbe ana mashine ya kufungua na kufunga. SetMaxOpenConns na SetMaxIdleConns ziwe sawa au zikaribiane, bila hivyo usiseme umekonfigi.

Taimauti ya kuazima kwa kitu anachosubiri binadamu, sekunde 30 ni nyingi, weka 2 mpaka 5. Kwa kazi za nyuma 30 ni sawa. Kama unaweza, zipe puli mbili tofauti, ripoti nzito ya mwisho wa mwezi isishindane na mtu anayejaribu kuingia kwenye akaunti yake.

Umri wa koneksheni uwe mfupi kuliko chochote kinachoweza kuikata njiani. MySQL inakata iliyokaa bure baada ya sekunde 28800, masaa 8, ndo maana kuna app zinazofeli asubuhi tu, rikwesti ya kwanza. Lakini mara nyingi anayekata mapema sio databesi, ni faiawoli au lodi balansa katikati, NAT ya AWS mfano inasahau koneksheni iliyonyamaza sekunde 350, na haikuambii. Hapo maxLifetime ya dakika 30 haitakusaidia, unataka keepaliveTime (kila baada ya muda gani koneksheni iliyolala inaguswa) iwe chini ya hapo.

Kitu kimoja kwa waliochagua ya nje: migresheni za skima (mabadiliko ya muundo wa jedwali) zisipite PgBouncer. Zana nyingi za migresheni zinashika loki ya ushauri ya sesheni ili mbili zisikimbie pamoja, na kwenye hali ya muamala loki hiyo ama haikulindi ama inabaki imefungwa kwenye koneksheni ambayo huna tena. Zipe anwani yake ya pili, moja kwa moja kwenye 5432, na uzitengee koneksheni mbili tatu katika zile 97 kabla hujagawa zingine.